Mama anameza simvastatini, na duka la dawa limempa itrakonazoli

Swali: Assalaam aleikum daktari. Naandika kutoka Kisauni. Mamangu ana miaka 63, ana sukari na presha. Kila usiku humeza simvastatini ya miligramu 20 kwa ajili ya mafuta ya damu, pamoja na metfomini na amlodipini. Tangu masika yaanze amepata fangasi chini ya matiti, na kucha mbili za mguu zimekuwa nene na za manjano. Mwanangu aliye chuo kikuu amesoma kwamba dawa za kolesteroli zaua fangasi. Ashauri bibi yake ameze vidonge viwili badala ya kimoja, na kingine tukisage tuchanganye na mafuta ya nazi, tumpake kuchani. Mimi nilikwenda duka la dawa nikapewa itrakonazoli ya wiki mbili, lakini hajaanza. Tufuate lipi? Na wajukuu wanaolala naye, wataambukizwa?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Ya haraka kwanza, sayansi baadaye. Itrakonazoli hiyo ibaki kwenye pakiti yake. Mamako asiiguse maadamu anameza simvastatini. Kidonge cha pili cha simvastatini pia asiongezwe. Na mafuta ya nazi yarudisheni jikoni.

Mmejikuta na mashauri mawili, la mwanao na la duka la dawa, na kwa mamako hasa, la dukani ndilo la hatari zaidi. Najua linashangaza, kwa kuwa itrakonazoli ni dawa halali ya fangasi na mwenye duka hakukuuzia maji ya sukari. Tatizo ni kwamba hakukuuliza mgonjwa anameza nini kingine.

Simvastatini ikishafika tumboni huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Itrakonazoli hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Dawa zikikutana, simvastatini haivunjwi tena kama kawaida, inalundikana. Walipopimwa watu wazima wenye afya waliopewa zote mbili, kiwango cha simvastatini kwenye damu kilipanda mara kumi na kuzidi. Kidonge ni kile kile cha 20, lakini mwili unapokea kama vidonge kumi kwa usiku mmoja. Misuli ndiyo inayolipa: seli zake hupasuka, zikamwaga protini kwenye damu, na protini hiyo ikifika kwenye figo huziharibu. Mgonjwa huanza kwa maumivu ya mapaja na mabega, miguu ikawa mizito hata kupanda ngazi ni kazi, halafu mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi au kola. Mkojo ukifikia hapo, ni hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kungoja asubuhi.

Ndiyo maana karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya simvastatini, ile ambayo wengi wetu huitupa, haisemi "tumia kwa uangalifu". Inapiga marufuku kabisa itrakonazoli, ketokonazoli, posakonazoli na vorikonazoli, na pamoja nazo antibiotiki mbili zinazoandikwa sana hapa kwetu, erithromaisini na klarithromaisini. Hata ile jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni mtu akiwa na utando mweupe haichanganywi na simvastatini, kwa sababu humezwa pamoja na mate. Maji ya balungi nayo hukizuia kimeng'enya kile kile kwenye utumbo, kwa hiyo mamako na ayaache.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo huenda hukulitilia maanani: mamako yuko kwenye amlodipini. Mtu anayemeza amlodipini hapaswi kuvuka miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Mamako yuko kwenye kikomo tayari. Vidonge viwili alivyoshauri mjukuu wake ni 40, yaani mara mbili ya kikomo hicho, hata bila itrakonazoli. Na mtu asidhani simvastatini nyingi ni jambo dogo: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia wagonjwa wapya wasianzishiwe dozi ya 80 kwa sababu ya misuli kuharibika. Miaka kumi kabla ya hapo ndugu yake mmoja, serivastatini, aliondolewa sokoni duniani kote baada ya watu kufa kwa ugonjwa huo huo wa misuli.

Ikiwa yupo msomaji mwingine ambaye mzazi wake ameshameza zote mbili kwa siku kadhaa, asinyamaze kwa sababu mgonjwa "hana neno". Mzazi huyo aisimamishe simvastatini na amwone daktari siku hiyo apimwe misuli na figo. Wala asidhani kwamba akiacha itrakonazoli leo anaweza kurudia simvastatini kesho. Itrakonazoli hukaa mwilini wiki moja hadi mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Sasa tumrudie mwanao, maana alichosoma ni kweli, na nisingependa aone amedharauliwa. Dawa za kundi la statini, ambamo simvastatini imo, zina uwezo wa kuzuia fangasi. Tena hilo lilijulikana karibu sawa na siku zilipozaliwa dawa zenyewe.

Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Sankyo, alianza kutafuta kitu kitakachozuia mwili usitengeneze kolesteroli. Hakwenda kwenye mitishamba wala kwenye kemikali za viwandani, alikwenda kwenye kuvu. Hoja yake ilikuwa hii: kuvu hawana meno wala miguu, wanapigana na majirani zao kwa sumu, na huenda miongoni mwa sumu hizo ipo inayomzuia adui asitengeneze mafuta ya kujengea seli zake. Alipima zaidi ya aina 6,000 za kuvu na viumbe wenzao kwa miaka miwili hivi. Katika kuvu mmoja, Penicillium citrinum, jamaa wa yule aliyetupa penisilini, alipata kompaktini, statini ya kwanza. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza walioipata kompaktini hiyo hiyo kwenye kuvu mwingine waliitangaza kama kitu kipya kinachozuia fangasi. Kolesteroli hawakuwa nayo habari. Statini ya kwanza kuruhusiwa hospitalini, lovastatini, ilipita Marekani mwaka 1987, nayo ilitoka kwa kuvu mwingine tena, Aspergillus terreus. Simvastatini ya mamako ni hiyo lovastatini iliyobadilishwa kidogo. Endo alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 90.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, hapa hatuzungumzii dawa ya moyo iliyobahatika kuua fangasi. Ni silaha ya kuvu dhidi ya kuvu ambayo binadamu waliiazima kwa ajili ya mishipa yao, na sasa watu wanauliza kama inaweza kurudi kwenye kazi yake ya zamani.

Inavyofanya kazi mwanao ataielewa kwa urahisi kama ameshapanda basi la Nairobi. Seli ya binadamu inahitaji kolesteroli kwenye utando wake, na seli ya fangasi inahitaji mafuta ya namna yake yaitwayo ergosteroli. Zote mbili zinaanza safari Mombasa na kushika barabara moja. Zinafuatana hadi Voi, ndipo zinapoachana: kolesteroli inakata kushoto kwenda Taveta, ergosteroli inaendelea kupanda Nairobi. Terbinafini, dawa ya kucha na ngozi, inafunga barabara pale Maungu, na kwa bahati kizuizi chake kinawashika fangasi zaidi kuliko sisi. Flukonazoli, itrakonazoli na ndugu zao wanafunga mbele kidogo, karibu na kuingia Voi, kabla njia haijagawanyika, ila kizuizi chao nacho kinawashika fangasi zaidi kuliko sisi, kwa hiyo sisi hutusumbua kidogo tu. Statini zinafunga mapema kabisa, kwenye mizani ya Mariakani. Hapo hakuna kinachopita, cha fangasi wala cha kwetu. Ndiyo nguvu yake na ndiyo kasoro yake, maana kwenye barabara hiyo haipiti kolesteroli peke yake. Hupita pia malighafi ya vitu vingine ambavyo misuli inavihitaji ili iishi.

Ukimwaga statini kwenye sahani ya maabara yenye Candida, fangasi wa utando mdomoni na wa ukeni, hukua kwa shida au hawakui kabisa. Ergosteroli yao hupungua. Candida glabrata, ambaye ni sugu kwa flukonazoli mara nyingi, alipowekewa simvastatini alipoteza hata vinasaba vya mitokondria zake, yaani vile viwanda vya nishati vya seli. Na hapa ndipo utafiti unaponoga: ukiweka statini pamoja na flukonazoli, mara nyingi kiasi kidogo cha kila moja kinafanya kazi ambayo isingefanywa na dawa moja pekee. Inaeleweka, barabara imefungwa mahali pawili. Nchini Brazili waliijaribu atovastatini pamoja na flukonazoli kwa panya walioambukizwa Cryptococcus gattii, fangasi wa mapafu na ubongo, na panya hao walinufaika.

Basi mbona nakukataza? Kwa sababu ya kiasi. Ili fangasi wazuilike kwenye sahani huhitajika maikrogramu kadhaa za statini kwa kila mililita, mara nyingine makumi, mara nyingine hupita mia. Mgonjwa aliyemeza kidonge chake vizuri ana nanogramu chache, au makumi ya nanogramu, kwa mililita ya damu. Maikrogramu moja ni nanogramu elfu moja. Pengo ni la mara mia hadi maelfu, na halikutokea kwa bahati mbaya: statini zilitengenezwa zikamatwe na ini, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza kolesteroli nyingi, kisha kidogo tu kivuke kuingia kwenye damu. Kuchani kwenye kidole gumba cha mguu, ambako damu yenyewe hufika kwa shida kwa mtu mwenye sukari, kinafika nini? Ukitaka kuliziba pengo hilo kwa kuongeza vidonge, misuli na ini vitaanguka zamani kabla fangasi hajahisi lolote.

Kukisaga na kukipaka nako hakuvuki pengo hilo. Simvastatini iliyomo kwenye kidonge haijaamka. Inahitaji kufunguliwa na mwili, hasa na ini, ndipo igeuke kuwa umbo linalozuia kimeng'enya cha kutengenezea kolesteroli. Maabara wana njia yao ya kuifungua kwa kemikali kabla ya kuimwaga kwenye sahani. Kinu cha jikoni hakina njia hiyo. Halafu sehemu kubwa ya kidonge si dawa, ni laktosi na wanga wa kukifanya kishikane, na ukucha mgonjwa ulionenepa ni ukuta ambao hata dawa zilizotengenezwa makusudi kwa ajili yake huupenya kwa taabu.

Mwanao anaweza kuniuliza, kwa haki: mbona kuna tafiti za hospitalini zilizoona wanaomeza statini wanapata Candida kwa nadra, au wanakufa kwa nadra fangasi akiingia kwenye damu? Zipo. Zipo pia zilizotafuta jambo hilo hilo zisilione. Karibu zote zilifanywa kwa kupekua mafaili ya wagonjwa wa zamani, na mafaili hayo yana mtego wake. Mtu anayemeza statini kila usiku ni mtu anayehudhuria kliniki, anapimwa sukari, ana nauli, ana mtu nyumbani wa kumkumbusha. Akipona upesi, huwezi kusema kirahisi kwamba kilichomponya ni kidonge na si hayo mengine. Kinachoweza kukata shauri ni jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wapewe statini, hawa wapewe kidonge kitupu kisicho na dawa, na hakuna mwongozo wowote wa matibabu ninaoujua, wa Kenya au wa Shirika la Afya Duniani, unaoiweka statini kuwa dawa ya fangasi.

Na kuna kinaya kimoja ambacho waandishi wa habari za afya hukiruka. Mshirika bora wa statini kwenye sahani ni dawa za jamii ya azoli, yaani flukonazoli, itrakonazoli na ndugu zao. Kwenye mwili wa mtu, azoli hizo hizo ndizo zinazomfanya mgonjwa ashindwe kuivunja statini. Sahani haina ini wala paja, kwa hiyo haikuambii hilo. Ndiyo sababu wanaoendelea na utafiti huu kwa makini wanazielekea statini ambazo hazipiti kwa CYP3A4, au wanafikiria dawa za kupaka zilizoundwa upya kabisa. Maoni yangu: kama statini zitakuja kusaidia kwenye fangasi, zitasaidia kama msaidizi, kwa kupakwa, na huenda isiwe simvastatini hata kidogo.

Hata hivyo siwacheki wanaotafuta. Fangasi ni jamaa wa karibu wa wanyama kuliko watu wanavyodhani, seli zao zinafanana na zetu mno, ndiyo maana dawa za kuwaua bila kutuua ni chache. Kwa maambukizi ya ndani ya mwili tuna makundi makuu manne tu. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wa kuogopwa, 19 kwa jumla, na juu kabisa wakawekwa Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Candida auris alitambuliwa Japani mwaka 2009. Nairobi ameshaingia kwenye damu za wagonjwa waliolazwa, na flukonazoli kwake mara nyingi haifui dafu. Kutengeneza dawa mpya kutoka mwanzo huchukua miaka kumi na zaidi. Kuchukua dawa iliyokwisha kuruhusiwa, ambayo usalama wake unajulikana na bei yake imeshuka, ni njia ya mkato yenye maana.

Mara nyingine njia hiyo huleta heri. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 ikikusudiwa kutibu saratani. Saratani haikuitibu, ila baadaye ikaonekana inaua fangasi. Leo ni nguzo ya kutibu homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi (ndio Cryptococcus), ugonjwa unaowaua watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga imeshuka sana. Mwaka 2022 matokeo ya jaribio lililofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya fangasi ya dripu, iliyofungwa kwenye mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, inatosha badala ya madripu ya siku kwa siku, na madhara yake ni machache. Mwaka huo huo ikaingia kwenye mwongozo wa dunia.

Mara nyingine haileti. Sertralini, dawa ya sonona, ilikuwa na sifa zote ambazo mwanao amezisoma kuhusu statini: iliua kriptokokasi kwenye sahani, ilisaidiana na flukonazoli, inafika kwenye ubongo vizuri, ni rahisi na ipo kila mahali. Watu walijaa matumaini. Jaribio kubwa likafanywa kwa majirani zetu Uganda, wagonjwa 460, matokeo yakachapishwa 2019. Lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida. Baada ya wiki 18 walikuwa wamekufa asilimia 52 ya waliopewa sertralini, na asilimia 46 ya waliopewa kidonge kitupu. Tamoksifeni, ya saratani ya matiti, ilijaribiwa Vietnam kwa wagonjwa 50 wa ugonjwa huo huo. Fangasi hawakuondoka upesi zaidi, na mapigo ya moyo yakaanza kuonyesha hitilafu kwenye kipimo cha umeme. Hizo zote mbili zilikuwa na karatasi nzuri za maabara nyuma yake. Mwambie mwanao asome na majaribio hayo pia, hasa la Uganda. Limeandikwa kwa uwazi na watu wasioficha kushindwa, na linafundisha zaidi ya makala kumi za sahani.

Tumalize na mamako, maana fangasi wake wanatibika bila haya yote.

Chini ya matiti kwa mwanamke mwenye sukari, wakati wa joto na unyevu huu wetu, mara nyingi ni Candida. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku inatosha, kwa wiki mbili hadi nne, na asiache siku ya kwanza atakayoona ngozi imetulia. Klotrimazoli ni azoli, lakini ikipakwa kwenye ngozi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, haigombani na simvastatini. Aoge, ajifute vizuri pale kwenye mkunjo, na kama kanga laini safi inaweza kukaa katikati anapolala mchana, vizuri. Sidiria ya pamba, ibadilishwe kila ikiloa. Jihadhari na zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Zinapendwa sana Mombasa kwa sababu mwasho hukoma usiku wa kwanza. Steroidi hutuliza mwasho huku fangasi akisambaa chini kwa chini, na mwezi wa pili choa kinakuwa kimepoteza umbo lake hata daktari wa ngozi hakitambui kwa macho.

Na sukari yake ikoje? Hukuniambia. Fangasi anayerudi kila masika kwa mtu mwenye sukari mara nyingi anakuambia sukari iko juu. Apimwe ile ya miezi mitatu. Ikiwa iko juu, hakuna krimu itakayodumu.

Kucha msianze kuzitibu kabla ya kuthibitisha. Karibu nusu ya kucha zilizonenepa na kubadilika rangi hazina fangasi kabisa. Ni umri, ni kiatu, ni kuumia kwa zamani, ni ugonjwa mwingine wa ngozi. Maabara hukata kipande, huchukua na ungaunga ulio chini ya ukucha, hutia dawa ya kuyeyusha na kutazama kwa hadubini. Kipimo hicho hakihitaji mashine kubwa. Wakimwona fangasi, dawa ya kumeza inayomfaa mamako zaidi ni terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki kumi na mbili, baada ya kupimwa ini na figo. Terbinafini haikizuii CYP3A4, kwa hiyo anaweza kuendelea na simvastatini yake. Mwambieni tu asitarajie ukucha mzuri dawa ikiisha: ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka na zaidi kuota wote. Wengine wa umri wake huamua kutozitibu kabisa, wakazikata fupi na kuzitunza, na kwa mtu asiye na sukari nisingewapinga. Kwa mwenye sukari ukucha mnene unaweza kuchoma kidole cha jirani na kufungua kidonda asichokihisi, kwa hiyo miguu itazamwe kila jioni.

Itrakonazoli haitakosa kazi siku moja, na ikitokea daktari ameona hapana budi, yeye ndiye atakayeamua kuisimamisha simvastatini kwa muda au kumhamishia rosuvastatini au pravastatini, ambazo hazipiti njia ile. Mamako amwambie pia daktari huyo kama amewahi kuambiwa moyo wake umedhoofika, kwani itrakonazoli hairuhusiwi kutibia kucha za mtu wa namna hiyo. Lakini asiiache simvastatini mwenyewe kwa sababu ya barua hii. Kwa mwanamke wa miaka 63 mwenye sukari na presha, kidonge hicho kinamkinga na kiharusi na shambulio la moyo, na hakuna fangasi wa ukucha anayestahili kubadilishwa na hilo.

Neno moja la pembeni: kuna unga na vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu, huuzwa kama "kitu asilia" cha kushusha mafuta. Ndani yake mna lovastatini yenyewe, Endo huyo huyo aliitoa kwenye kuvu wa jamii hiyo mwaka 1979. Mtu akimletea mamako, atakuwa anameza statini mbili, na ile ya pili hakuna anayejua ni kiasi gani.

Ama wajukuu, Candida wa chini ya matiti hawaambukizi watoto kwa kulala kitanda kimoja. Wa kuchani anaweza, kwa njia ya sakafu ya bafu yenye maji, mkeka na champali za kuazimana. Kila mtu awe na champali zake, mkasi wa kucha wa bibi usitumike kwa mwingine, na bafu lisuguliwe likauke. Mtoto akitokewa na choa kichwani chenye nywele kukatika, krimu haitafika kwenye shina la unywele. Hapo huhitajika dawa ya kumeza kwa uzito wake, mpelekeni kliniki akapimwe.

Ile pakiti irudishe dukani ulikoinunua. Pesa huenda wasikurudishie, ila mwambie aliyekuhudumia, kwa upole, kilichokuwa kikisubiri kutokea.